Kisanduku cha dharura za meno: kinakuvusha usiku, hakikutibu

Maduka yanayouza bidhaa kwa njia ya mtandao jijini Dar es Salaam yamekuwa yakitangaza kisanduku cheupe cha plastiki, kinachoenea kwenye mkoba wa kawaida, kwa maelezo kwamba ni huduma kamili ya dharura za meno nyumbani. Nilikinunua kwa shilingi 45,000, nauli ya bodaboda ikiwa ndani yake, kwa matumizi ya shule ninakofundisha na kusimamia michezo, na nimekaa nacho muda wa kutosha kuweza kusema kipi ndani yake kinafaa, kipi ni pambo tu, na kipi kinaweza kumdhuru mtu. Jina la mtengenezaji sitalitaja, kwa sababu visanduku vya aina hii hutoka katika viwanda vingi na hufanana sana, na mnunuzi atakayejua kukikagua kimoja atakuwa amejua kuvikagua vyote.

Neno "kamili" ndilo la kwanza ninalolipinga. Hakuna kitu ndani ya kisanduku hiki kinachotibu jino. Vilivyomo vinaweza kupunguza maumivu, kufunika tundu, kuzuia damu na kulihifadhi jino lililong'oka hadi mgonjwa afike kwenye kiti cha daktari, na kazi hiyo si ndogo, hasa ikizingatiwa kwamba jino lina desturi ya kuanza kuuma usiku wa Jumamosi, wakati kliniki nyingi zimefungwa. Kikichukuliwa hivyo, kina thamani yake. Kikichukuliwa kuwa mbadala wa daktari, kinageuka kuwa sababu ya kuchelewa, na katika magonjwa ya meno kuchelewa ndiko kunakogharimu, kwa sababu jino ambalo wiki hii lingezibwa kwa fedha kidogo, baada ya miezi kadhaa litahitaji tiba ya mzizi, yaani kusafishwa na kuzibwa ndani ya mzizi wake, ambayo bei yake ni mara kadhaa ya kuziba, au litang'olewa.

Ukikifungua unakuta kopo dogo la dawa ya kuziba jino kwa muda, kijichupa cha mafuta ya karafuu, kioo cha duara chenye mpini mrefu, kibano, kijiti bapa cha kushindilia, vitambaa vya shashi, jozi moja ya glovu, mrija wa jeli ya ganzi, na chupa yenye mdomo mpana iliyojaa maji maalumu ya kuhifadhia jino. Karatasi ya maelekezo imeandikwa kwa Kiingereza na Kichina peke yake, kwa herufi ndogo mno. Kwa bidhaa inayokusudiwa kusomwa na mtu mwenye hofu, pengine umeme ukiwa umekatika, huo ni upungufu mkubwa kuliko muuzaji anavyofikiri.

Nianze na ile chupa, kwa kuwa ndiyo pekee ambayo huwezi kuipata kwa urahisi katika duka la dawa la mtaani. Jino la mbele la mtu mzima au la mtoto aliyekwisha kuota meno ya ukubwani likitoka zima kwa kipigo au kwa kuanguka, linaweza kurudishwa mahali pake na likashika tena. Kinachoamua ni uhai wa chembechembe nyembamba zilizobaki zimeushikilia mzizi, ambazo ndizo zinazoliunganisha jino na mfupa wa taya. Chembechembe hizo zikikauka hewani kwa saa moja, nyingi huwa zimekufa, na kila dakika kabla ya hapo ina hesabu yake. Kwa hiyo mwongozo wa kimataifa wa majeraha ya meno, uliotolewa upya mwaka 2020, unataka jino lirudishwe palepale mtu alipoangukia, na kama haiwezekani, lihifadhiwe ndani ya maziwa, au maji ya chumvi ya kitabibu yaliyosawazishwa kama haya ya kwenye chupa, au mate ya mgonjwa mwenyewe yaliyotemwa kwenye kikombe. Madafu, ambayo watu wengi wa pwani huyataja haraka, hayamo katika orodha hiyo.

Tulipata kuitumia chupa hiyo uwanjani. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aligongana na mwenzake wakiwania mpira wa juu, jino la mbele likatoka pamoja na mzizi wake wote na kuangukia kwenye vumbi la golini. Mwenzake aliliokota, akawa ameshaanza kulipangusa kwa jezi, nikamzuia, kwa sababu kuusugua mzizi ni kuziondoa zile chembechembe zenyewe. Jino hushikwa upande wa juu, ule unaoonekana mtu akicheka, na mzizi hauguswi kabisa. Tulilimwagia maji ya kunywa kwa muda mfupi, vumbi likatoka. Mtoto alikuwa akilia, mdomo umejaa damu, na hakukubali kabisa jino lirudishwe pale, basi tukalitia kwenye chupa, tukamng'atisha shashi iliyokunjwa na kuondoka naye.

"Mwalimu, hili mmelitunza kwenye nini?" daktari aliuliza kabla hata hajamtazama mtoto.

"Humu, Daktari. Limeoshwa kidogo tu, halijasuguliwa."

Alilirudisha kwa ganzi, akalifunga na meno ya jirani kwa waya mwembamba unaoruhusu kutikisika kidogo, waya ambao kwa kawaida hukaa wiki 2, akauliza kama mtoto ana chanjo ya pepopunda, na akapanga tiba ya mzizi ndani ya muda huohuo, kwa kuwa kiini cha jino la umri ule, yaani nyama laini ya ndani yenye neva na mishipa ya damu, hakitegemewi kupona baada ya kukatika. Alisema pia, bila kupamba, kwamba jino lililorudishwa linaweza kuliwa mzizi polepole kwa miaka, na kwamba hata hivyo ni afadhali kwa mtoto kuwa nalo wakati taya likiendelea kukua. Mpaka sasa lipo.

Hapo chupa ilistahili fedha yake. Karatasi ya maelekezo, kwa upande mwingine, haikustahili chochote, kwa sababu inasema kwamba chupa ikiwa imekwisha kutumika, jino litiwe kwenye maji safi. Maji matupu huingia ndani ya zile chembechembe na kuzipasua, hivyo yanafaa kuondolea vumbi kwa sekunde chache tu. Pakiti ya maziwa baridi yasiyotiwa sukari wala ladha, inayopatikana katika duka lolote la mtaani, ni bora kuliko maji kwa mbali. Karatasi hiyo pia haisemi kwamba jino la utotoni halirudishwi kamwe, kwa kuwa kulishindilia upya kunaweza kulijeruhi jino la ukubwani linalojitengeneza juu yake ndani ya fizi. Mzazi wa mtoto wa miaka 4 anayesoma maelekezo haya atafanya jambo baya kwa nia njema.

Dawa ya kuziba kwa muda ndiyo itakayowavutia wanunuzi wengi, na kwa kiasi fulani ni haki yake. Ni udongo mweupe laini uliotengenezwa kwa oksidi ya zinki, unaoganda kwa unyevu wa mate. Mwalimu mwenzangu alidondokewa na kuziba kwake kwa zamani alipokuwa akitafuna mhogo wa kuchoma, ikabaki shimo lenye kingo kali iliyomkata ulimi kila aliposema. Alisukutua kwa maji ya uvuguvugu, tukalikausha tundu kwa pamba, akachukua kipande kidogo kama punje ya mbaazi, akakishindilia kwa kile kijiti bapa, akauma mara kadhaa ili ziada itoke pembeni, kisha tukaifuta kwa pamba yenye maji. Kioo kilitusumbua, kwa kuwa kilishika mvuke wa pumzi kila kilipoingizwa mdomoni, mpaka tulipokichovya kwanza kwenye maji ya moto. Alikaa saa kadhaa bila kula, akatafunia upande wa pili, na dawa ikashika hadi alipopata nafasi kwa daktari. Dawa hiyohiyo inaweza kuishikiza kofia ya jino, yaani kifuniko bandia alichokivisha daktari, iliyodondoka, kama kofia yenyewe imesafishwa na inakaa sawasawa bila kulazimishwa. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaotumia supaglu, na supaglu huunguza fizi, huigandisha kofia ikiwa imekaa upande, na humlazimu daktari kuharibu kilichokuwa kizima.

Ila kuna tundu ambalo halipaswi kuzibwa nyumbani hata kama linatazamana nawe. Jino lenye usaha, lenye uvimbe kwenye fizi yake, au linalouma ukiligonga kidogo kwa kijiko, lina maambukizi yaliyofika kwenye mzizi, na mara nyingi lile tundu ndilo mlango pekee ambamo usaha na hewa vinapumulia. Kuliziba ni kuufungia usaha ndani, na maumivu ya usiku huo yatazidi yale ya jana yake. Maelekezo ya kisanduku hayatofautishi tundu na tundu. Yangekuwa na sentensi moja tu juu ya jambo hili, ningeongeza nyota nzima katika tathmini yangu.

Mafuta ya karafuu hayahitaji kutetewa mbele ya mtu wa Zanzibar au Pemba. Kinachopoza maumivu ni yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta hayo, na madaktari wa meno wamekuwa wakiichanganya na oksidi ya zinki kwa zaidi ya miaka 100 kutengeneza dawa ya kuziba kwa muda, kiasi kwamba harufu ya karafuu imekuwa ndiyo harufu ya kliniki ya meno. Lakini kijichupa cha kwenye kisanduku ni kidogo cha kuchekesha, hakina jina la nchi kilikotoka, na kwa mtu wa pwani kununua mafuta ya namna hiyo ndani ya kifurushi kutoka ng'ambo ni kichekesho cha pili, ilhali Wawi, huko Chake Chake, kuna kiwanda cha miaka mingi kinachokamua mafuta kutoka kwenye makonyo ya mikarafuu. Matumizi yake ni tone moja kwenye kipande kidogo cha pamba, kinachowekwa ndani ya tundu na kuondolewa baada ya muda mfupi. Kumimina kwenye fizi ni kuiunguza, na mtoto mdogo hapaswi hata kuachiwa chupa mkononi, kwa kuwa akiyameza yanaweza kumdhuru ini.

Jeli ya ganzi ningeiondoa kabisa. Ina benzokaini, dawa ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo mwaka 2018 kwamba isitumiwe kwa watoto walio chini ya miaka 2, kwa sababu inaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni ipasavyo. Picha iliyo juu ya mrija huo ni ya mtoto mchanga anayeota meno. Sihitaji kusema zaidi. Kwa mtu mzima ganzi yake hukaa muda mfupi, haifiki kwenye kiini cha jino, na mtu huishia kuipaka tena na tena.

Maumivu makali ya jino hutoka ndani, kwenye kiini, ambacho kimezungukwa na kuta ngumu pande zote. Kiini kikivimba hakina pa kupanukia, na ndiyo maana mtu akilala chali damu ikaongezeka kichwani, jino hupwita hadi anaamka na kukaa kitandani. Jino linaloshtuka kwa maji baridi na kutulia mara moja bado linaweza kuokolewa kwa kuzibwa tu. Lile linaloendelea kuuma dakika nyingi baada ya maji kumezwa, au linalomwamsha mtu usiku, kiini chake kwa kawaida hakirudi tena katika afya. Kwa usiku kama huo kinachosaidia zaidi ya vyote vilivyomo kisandukuni ni vidonge vya ibuprofeni pamoja na panado kwa kipimo kilichoandikwa, kwa mtu asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala ujauzito, na ajabu ni kwamba kisanduku hakina kidonge hata kimoja. Aspirini huwekwa tumboni kwa kumezwa. Ikilazwa kwenye fizi huacha kidonda cheupe cha kuungua, na daktari atakuwa na mawili ya kutibu. Antibayotiki nazo haziondoi maumivu ya kiini. Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilieleza hivyo katika mwongozo wake wa 2019, na bado kwenye maduka yetu ya dawa mtu mwenye jino linalouma huuziwa amoksilini nusu dozi, akaondoka akiamini ametibiwa.

Tena kuna hali inayowadanganya wengi, nami nashuku ndiyo inayowafanya wanunuzi wakisifu kisanduku hiki kupita kiasi. Jino huuma siku kadhaa, mtu anapaka, anaziba, anapaka, kisha asubuhi moja maumivu yanakoma ghafla. Anadhani dawa imemponya. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba kiini kimekufa, hakina tena cha kuhisi, na maambukizi yanaendelea kimyakimya kuelekea kwenye ncha ya mzizi, kisha kwenye mfupa. Uvimbe wa shavu hufuata baadaye, wakati kisanduku kimekwisha kusahauliwa kabatini.

Juu ya uvimbe huo karatasi ya maelekezo iko kimya, na hilo ndilo kosa lake kubwa. Uvimbe ulio chini ya taya na unaoenea shingoni, ulimi unaoinuliwa kutoka chini, kushindwa kumeza hata mate, sauti inayobadilika kama ya mtu mwenye chakula cha moto mdomoni, homa, kinywa kisichofunguka vizuri: hizo ni dalili za usaha unaoweza kuiziba njia ya hewa, na mtu hufa kwazo. Hapo haitafutwi kliniki ya meno wala hausubiriwi mwanga wa asubuhi; mgonjwa hupelekwa hospitali yenye idara ya dharura, ambayo kwa wakazi wa Dar es Salaam ni hospitali za rufaa za mkoa kama Amana, Temeke na Mwananyamala, au Muhimbili. Vivyo hivyo kwa aliyevunjika taya, au ambaye damu haikatiki.

Damu nayo inanirudisha kwenye kitu cha bei ndogo kuliko vyote kisandukuni. Baada ya jino kung'olewa, shashi safi iliyokunjwa na kung'atwa kwa nguvu kwa dakika 30 mfululizo, bila kuitoa kila mara kutazama, huzuia damu nyingi ambazo watu huzikimbilia hospitalini. Wanaosukutua mfululizo kwa maji ya chumvi siku ileile wanaliondoa donge la damu linalolifunika tundu, na siku chache baadaye mfupa ulioachwa wazi huuma kuliko jino lenyewe lilivyouma. Maji ya chumvi ni mazuri, ila kuanzia siku ya pili. Shashi za kisanduku ni laini na zimefungwa moja moja, nazo ndizo tulizozimaliza mapema zaidi. Kwa bahati zinapatikana kila duka la dawa.

Kwa upande wa kinga kisanduku hakina chochote, nami kama mwalimu wa michezo naona hapo ndipo fedha ilipopaswa kwenda. Kinga ya meno ya mpira, ile inayolainishwa kwenye maji ya moto kisha ikaumwa ili ichukue umbo la meno ya mchezaji, ingelizuia lile jino la golini lisitoke kabisa. Kwa dharura nyingine zinazotokana na kuoza, kinga yake ni dawa ya mswaki yenye floridi, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, ikitumika mara mbili kwa siku na kutemwa bila kusukutua kwa maji mengi. Wanafunzi wetu wana desturi ya kufungua soda kwa meno, na wapishi wana desturi ya kuharakisha kuchagua mchele. Meno yaliyokatika kwa vizibo na kwa mawe ya wali nimeyaona mengi kuliko yaliyokatika kwa mpira.

Kwa jumla nakipa nyota tatu kati ya tano, mbili kati yake zikiwa za chupa na dawa ya kuziba. Anayeishi mjini, jirani na kliniki, hana haja ya kununua kisanduku kizima: shashi, glovu, vidonge vya maumivu, dawa ya kuziba kwa muda na mafuta ya karafuu vinaweza kupatikana kimoja kimoja kwa fedha pungufu, na maziwa yapo dukani. Kinamfaa zaidi mwalimu wa michezo, mwongoza watalii anayekaa porini wiki nzima, nahodha wa jahazi, au familia iliyo mahali kama Mafia, ambako kumfikia daktari wa meno kunaweza kuchukua siku. Kihifadhiwe mbali na joto, kwa kuwa kile kilichoachwa ndani ya gari la shule kiligeuza jeli kuwa maji na kuikausha dawa ya kuziba pembezoni mwa kopo. Kabla ya kulipa, chupa ya kuhifadhia jino itazamwe tarehe ya mwisho, na muuzaji aulizwe kama bidhaa imesajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania. Nilipoagiza kingine kwa ajili ya shule ya jirani, chupa yake ilikuwa imebakiza miezi michache tu. Nilikirudisha kwa bodaboda yuleyule, na muuzaji akaleta kipya bila ubishi, karatasi ya maelekezo ikiwa ileile.